Visu vya Kukunja vya Mafundi: Mwongozo Kamili wa Kuvikusanya na Kulinganisha Bapa Zake

Mtu anayeanza kukusanya visu vya kukunja hutazama mpini kwanza. Pembe inayong'aa, mti wenye mistari, shaba iliyosuguliwa: hivyo ndivyo vinavyomtoa mtu pesa mfukoni. Lakini mpini hubadilishwa, husuguliwa, hata hupakwa rangi ukaonekana wa kale. Kilicho kigumu kughushi ni kiungo, yaani pale ubapa unapokutana na pini na springi. Fundi aliyetulia kwenye kiungo anaonekana, na aliyelipua kazi anaonekana pia. Kwa hiyo hapa tunaanza na kiungo, tunakwenda kwenye umbo la ubapa, kisha ndipo mpini unafuata.

Fahamu familia tatu kabla ya kununua

Visu vya jadi vya kukunja vinatofautiana kwanza kwa namna ubapa unavyozuiwa ukiwa wazi.

Familia ya kwanza haina springi wala kufuli. Ubapa hushikwa na mbano wa kiungo tu. Humu mna higonokami ya mji wa Miki, Japani, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 19. Mpini wake ni bamba moja la shaba au chuma lililokunjwa, na kitako cha ubapa (sehemu yake iliyo kwenye pini) kina mkia mdogo unaobanwa kwa dole gumba wakati wa kukata. Humu pia mna resolza ya Pattada, kisiwani Sardinia, Italia, ambayo mpini wake ni pembe ya kondoo dume.

Familia ya pili ina springi ya mgongo. Ndivyo vilivyo visu vya Sheffield, Uingereza, na Laguiole ya Ufaransa, kisu kilichozaliwa katika kijiji cha jina hilo mkoani Aveyron mwishoni mwa miaka ya 1820. Springi haifungi ubapa. Inausukuma tu ubaki wazi au ubaki ndani. Ukiusukuma kwa nguvu ya kutosha unakunjika, kwa hiyo usichome kitu kigumu kwa ncha, kwa sababu kidole ndicho kitakacholipia.

Familia ya tatu ina kufuli. Mfano bora ni navaja ya Albacete, Hispania, yenye meno kwenye kitako cha ubapa. Inapofunguliwa, kila jino hupita kwenye springi kwa mlio, tra-tra-tra, mpaka ubapa ujifunge. Ili kuukunja tena unavuta pete iliyo juu ya springi.

Nunua kimoja kutoka kila familia kabla ya kuzama kwenye familia moja. Visu vitatu vinavyotofautiana vinafundisha kuliko kumi vinavyofanana. Kwa mwenye kipato kidogo, higonokami ndiyo mlango wa bei nafuu kwa kisu cha fundi. Opinel ya Savoie, Ufaransa, hutengenezwa kiwandani, kwa hiyo si kisu cha fundi, ila namba 8 yenye ubapa wa sentimita 8.5 inafaa sana kama kipimo: kata nayo, kisha ujiulize kisu cha bei mara kumi kinakuzidishia nini.

Kukikagua kisu mkononi

Beba vitu vinne: tochi ndogo, kioo cha kukuzia cha mara 10, kipimo cha vernia (cha kupimia unene), na kitambaa safi. Kisha fuata mpangilio huu, na usiruke hatua kwa sababu muuzaji ana haraka.

1. Tazama kisu kikiwa kimekunjwa, ukikielekezea mwanga kutoka nyuma. Kwenye kisu cha springi, mwanga haupaswi kupenya kati ya springi na mabamba ya ndani ya mpini. Uwazi mmoja mwembamba kama unywele unavumilika kwenye kisu cha zamani. Kwenye kisu kipya cha bei kubwa hauvumiliki.

2. Angalia kama ubapa umelala katikati ya mfereji wake. Ukiegemea upande mmoja, utakwaruzwa na bamba kila unapofunguliwa. Sababu huwa ni pini iliyotobolewa mshazari au mpini uliopinda baada ya kukauka. La kwanza halitibiki bila kukibomoa kisu.

3. Fungua polepole na usikie kwa vidole. Springi nzuri inaanza kwa uzito, inalegea kidogo katikati, kisha inaumalizia ubapa yenyewe kwa mlio mkavu. Mwendo wenye mchanga ndani huwa ni uchafu au kutu, na mafuta yanatibu. Mwendo unaokwama mahali palepale kila mara ni kosa la umbo la kitako, na mafuta hayatasaidia.

4. Ubapa ukiwa wazi, ushike karibu na ncha na uutikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Ukicheza kushoto na kulia, pini imelegea. Ukicheza juu na chini, kitako au springi imelika, na hilo ni baya zaidi kwa sababu chuma kilicholika hakirudi.

5. Pitisha ukucha juu ya mgongo, kutoka springi kwenda kwenye kitako cha ubapa, kwanza ukiwa wazi kisha ukiwa umekunjwa. Kwenye kazi safi ya Sheffield ukucha hauguswi na ngazi yoyote katika hali zote mbili. Hapa ndipo fundi anapopimwa hasa. Ili chuma viwili vilingane katika hali mbili tofauti, lazima kitako kipigwe tupa kidogo kidogo, kisu kikiunganishwa na kufunguliwa tena na tena kabla ya pini kugongwa. Stan Shaw, fundi mashuhuri wa Sheffield aliyefariki mwaka 2021, alifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 70.

6. Kagua makali yanapolala ndani. Kwenye Laguiole nyingi za jadi hakuna kizuizi kinachoyazuia makali yasiguse springi. Ukiuachia ubapa ujifunge kwa kishindo, makali yanagonga chuma na kupata pengo, mara nyingi karibu na katikati. Ukiliona pengo hilo, jua aliyekimiliki hakujua kukikunja: ubapa wa Laguiole husindikizwa kwa mkono mpaka ndani.

7. Mwisho kabisa ndio mpini. Tafuta nyufa zinazoanzia kwenye pini. Pembe na mfupa hupasuka hapo kwa sababu hukauka na kusinyaa huku pini ya chuma ikibaki vilevile. Ufa ulioishia kwenye pini ni wa kawaida kwa kisu cha miaka mingi, lakini uliovuka kutoka pini moja hadi nyingine utaendelea.

Maumbo ya bapa na sababu zake

Umbo la ubapa wa jadi lina sababu: kazi, sheria, au namna ya kufua chuma. Ukijua sababu, unajua pia uulinganishe na upi.

Ubapa wa jani wa Pattada ni mwembamba, umechongoka, na pande zake mbili huzunguka kukutana kwenye ncha, umbo linalofananishwa na jani la mihadasi. Ni kisu cha mchungaji: kinachinja, kinachuna, kinakata mkate na jibini. Udhaifu wake ni ncha, ambayo ni nyembamba na huvunjika ikitumiwa kubanulia. Katika resolza kuukuu, pima umbali kutoka ncha hadi mwisho wa mfereji. Ubapa mzima huujaza mpini karibu wote. Ukikuta nafasi ya zaidi ya sentimita moja mbele ya ncha, shuku kwamba ncha ilivunjika ikachongwa upya.

Kisiwani humohumo, mafundi wa mji wa Arbus wana ubapa wenye tumbo pana, mzuri wa kuchuna ngozi kwa sababu tumbo la makali linatelezea chini ya ngozi bila ncha kutoboa. Guspini, si mbali na hapo, kuna ubapa usio na ncha kabisa, umekatwa mbele kama wembe. Huo umetokana na sheria: mwaka 1908 Italia ilibana ubebaji wa visu vyenye ncha, na mafundi wa mikoa mingi wakaanza kufua bapa butu mbele. Ukiweka Pattada, Arbus na Guspini katika trei moja una somo kamili kutoka kisiwa kimoja. Kama tungelazimika kuchagua mkusanyiko mdogo mmoja tu kwa mtu mwenye subira, tungechagua huo.

Sheffield ilikuwa na maumbo mengi sana. Mawili yanatosha kuanzia. Ubapa wa mkuki una ncha katikati, mgongo na makali vikishuka kwa ulinganifu. Unafaa kazi zote na haushindi katika yoyote. Ubapa wa kwato la kondoo una makali yaliyonyooka kabisa, na mgongo ndio unaoinama kufika kwenye makali. Mabaharia waliupenda kwa kukatia kamba, kwani makali yote yanagusa ubao kwa wakati mmoja na hakuna ncha ya kumchoma mtu meli inapoyumba. Kwa kunoa, huo ndio rahisi kuliko yote. Angalia kitu kimoja tu: makali lazima yabaki yamenyooka. Ukiuweka juu ya kioo na mwanga ukapita katikati, ulinolewa vibaya, na kuunyoosha kutaula ubapa.

Ubapa wa Laguiole hupinda kidogo kuelekea juu mbele. Ni mwembamba, mzuri mezani kwa nyama na jibini, dhaifu kwa kuchonga mti. Kisu hiki nacho ni cha wafugaji: baadhi huwa na sindano nene pembeni, ambayo ilitumika kumtoboa ng'ombe aliyevimbiwa ili gesi itoke. Kizibuo cha mvinyo kiliongezwa kama mwaka 1880.

Navaja nyingi za Albacete zina ubapa ambao mgongo wake umekatwa kwa upinde karibu na mbele, hivyo ncha inakuwa kali na iko chini. Unatoboa vizuri, ila kwenye kuchonga, upinde huo unaondoa mahali pa kuweka dole gumba.

Higonokami inasimama peke yake. Makali yamenyooka, mgongo unashuka ghafla mbele, na ubapa mara nyingi ni wa tabaka: chuma kigumu cha kaboni katikati au upande mmoja, kikifunikwa na chuma laini. Mstari wa ukungu unaouona juu ya makali ndio mpaka wa tabaka hizo. Ukinunua yenye tabaka, mstari huo uwe na mawimbi madogo yasiyojirudia. Ukiwa umenyooka kama wa rula, huenda umechorwa kwa asidi au msasa.

Kulinganisha kwa haki

Visu haviwezi kulinganishwa vikiwa na makali ya viwango tofauti. Vinoe vyote kwanza, jiwe la namba 1000 kisha 3000, kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe: kwa ubapa wenye upana wa milimita 15, inua mgongo milimita 5 juu ya jiwe, kwa wenye upana wa milimita 12, inua milimita 4. Higonokami ndiyo pekee isiyofuata hesabu hiyo. Laza juu ya jiwe sehemu yake yote pana inayoinama kuelekea makali na uusukume hivyohivyo. (Kisu cha kale kisichowahi kunolewa tangu kitoke kwa fundi usikiguse na jiwe. Hicho linganisha kwa macho na vernia tu.)

Kisha pima kwa vernia sehemu tatu: unene wa mgongo karibu na kiungo, unene wa mgongo sentimita moja kabla ya ncha, na unene wa ubapa milimita moja juu ya makali. Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachotabiri ukataji. Ubapa wenye milimita 0.3 hadi 0.4 hapo unateleza ndani ya tufaha, wenye 0.7 unalipasua. Wengi hupima mgongo pekee, halafu hushangaa kisu chembamba cha mgongo kikishindwa na kinene.

Jaribu kila kisu kwa vitu vinne vilevile: karatasi ya gazeti, tufaha gumu, kamba ya mkonge ya milimita 10, na kijiti kikavu cha mti laini. Gazeti linaonyesha kama kunoa kumefanikiwa. Tufaha linaonyesha umbo: sikiliza kama linapasuka kabla ubapa haujafika chini. Kamba ndiyo mtihani wa chuma. Kata vipande, ukirudi kwenye gazeti baada ya kila vipande 10, na uandike ni kipande cha ngapi gazeti lilianza kuchanika. Kijiti kinajaribu kiungo na mpini: chonga kwa dakika tano na utajua kama pini imeanza kulegea na kama kona ya mpini inauma kiganja.

Andika matokeo siku hiyohiyo. Kadi moja kwa kila kisu inatosha: mahali kilipotoka, maandishi yote yaliyopigwa kwenye chuma, vipimo vitatu, uzito, kasoro, bei, na tarehe. Piga picha ya kitako cha ubapa pande zote mbili.

Majina yanayodanganya

Jina Laguiole lilitumika kwa miaka mingi bila ulinzi, na maelfu ya visu vya bei ya chini kutoka Asia vinabeba jina hilo na pambo lake la nyuki. Nyuki juu ya springi hathibitishi chochote. Tazama kama pambo hilo limefuliwa pamoja na springi au limechomelewa juu yake. Kwenye kazi nzuri ni chuma kimoja. Tazama pia mapambo ya mgongo: yaliyopigwa tupa kwa mkono yana tofauti ndogo kati ya alama na alama, ya mashine yanafanana yote. Tena, Laguiole halali nyingi hutengenezwa Thiers, mji wa visu tangu zamani, kwa hiyo anayekuambia kwamba cha Thiers ni bandia anakupotosha.

Kwa Sheffield tatizo si bandia sana bali visu vilivyounganishwa kutoka vipande vya visu vingine. Alama kwenye ubapa ikiwa ya karakana moja na ya springi au bamba ya nyingine, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ubapa uliong'arishwa kupita kiasi hufifisha maandishi na kuviringisha kona ambazo fundi aliziacha kali. Mfuo wa ukucha (kijifereji ubapani cha kufungulia kisu) nao unasema kweli: ukiukuta karibu mno na makali, ubapa umepoteza upana mwingi kwa kunolewa. Akifika Sheffield, mkusanyaji aanze na Hawley Collection katika jumba la makumbusho la Kelham Island, ajaze macho kwa visu vya kweli kabla ya kuingia sokoni. Albacete nako kuna makumbusho ya visu tu.

Utunzaji, hasa kwa wanaoishi pwani

Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, chumvi ya hewani inashambulia chuma cha kaboni ndani ya wiki chache. Futa kila kisu kwa kitambaa kikavu baada ya kukigusa, kwani jasho la vidole huacha alama za kutu zenye umbo la vidole hivyohivyo. Paka ubapa mafuta mepesi ya madini. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha, kisha fungua na ukunje mara kadhaa na ufute uchafu mweusi unaotoka. Usitumie mafuta ya kupikia. Huganda yakawa gundi, na kiungo hukwama.

Rangi ya kijivu na buluu inayoingia kwenye chuma cha kaboni baada ya kukata matunda iache, inakilinda. Kutu nyekundu iondoe kwa mafuta na kipande cha shaba laini, si msasa.

Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma na kuichafua shaba kijani. Tumia trei iliyotandikwa kitambaa cha pamba, na pakiti za silika ambazo utazikausha upya zikilowa. Lakini usikaushe hewa kupita kiasi, maana pembe na mfupa vitapasuka. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unafaa. Chunguza mipini ya pembe kila mwezi: kuna wadudu wanaoitafuna, na unga mwepesi chini ya kisu ndiyo dalili ya kwanza.

Mipini ya seluloidi, inayoonekana kwenye visu vingi vya zamani vyenye rangi za kuvutia, itenge kabisa. Ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hutia kutu visu vyote vilivyo jirani kwenye sanduku. Ukiona ubapa mmoja una kutu sehemu iliyo ndani ya mpini tu, mshukiwa wa kwanza ni mpini wenyewe. Seluloidi pia hushika moto upesi, basi iwe mbali na jiko na jua.

Mpini wa mti wa Opinel huvimba kwa unyevu hata ubapa ukagoma kutoka. Usiuvute kwa koleo. Gonga kitako cha mpini kwenye meza, ubapa utachomoza wenyewe. Ndivyo Wasavoie wanavyofanya. Kiungo cha higonokami kikilegea, weka kichwa cha pini juu ya chuma kizito na ugonge upande wa pili kwa nyundo ndogo, pigo jepesi moja moja, ukijaribu kila mara. Ukizidisha, hakitafunguka kwa mkono. Kisu cha springi cha zamani usikigonge pini hata kidogo, mpe fundi.

Pembe za ndovu, mipaka na safari

Sheffield ya karne ya 19 ilitumia pembe za ndovu nyingi mno, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa zilizolisha soko la dunia la pembe hizo. Visu hivyo bado vinauzwa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imefungwa tangu uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Uingereza yenyewe ina Sheria ya Pembe za Ndovu ya mwaka 2018, na Kenya iliteketeza tani 105 mwaka 2016. Usinunue kisu cha namna hiyo mtandaoni ukitarajia kukiingiza Afrika Mashariki. Kukitambua: chini ya kioo, pembe ya ndovu ina mistari inayokatizana kama wavu sehemu iliyokatwa kwa upana, ilhali mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Ukibaki na shaka, kirudishe.

Kwa ubebaji, pima kabla ya kusafiri. Uingereza inaruhusu kubeba bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62, kwa hiyo navaja hairuhusiwi hata ikiwa ndogo. Japani kwa jumla huwezi kubeba ubapa unaozidi sentimita 6 bila sababu halali, na higonokami nyingi zinazidi hapo. Kenya na Tanzania, kutembea hadharani na silaha bila sababu halali ni kosa, na askari hatauliza kama ni cha mkusanyiko. Ukinunua safarini, kiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege kikiwa kimefungwa kwa karatasi ngumu, pamoja na risiti inayotaja kisu, mahali na vifaa vya mpini. Risiti hiyo iingie kwenye kadi ya kisu ukifika nyumbani.